Arizona na Bomu Lisilokwisha Maswali

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941, yapata saa 2 na dakika 6 asubuhi, manowari ya Marekani iitwayo Arizona ililipuka katika bandari ya Pearl Harbor, kisiwani Oahu, Hawaii. Watu 1,177 waliokuwa ndani yake walikufa, karibu nusu ya Wamarekani wote 2,403 waliouawa siku ile. Mlipuko ulitokea mbele ya macho ya mabaharia wengi waliokuwa kwenye meli za jirani, ukanaswa kwenye filamu, na mabaki ya meli yangali pale pale ilipozama, katika maji ya kina cha mita 12 hivi. Meli iliyokufa hadharani namna hiyo ilitarajiwa isiache fumbo. Lakini zaidi ya miaka 80 baadaye, wanahistoria na wahandisi bado wanavutana juu ya mambo ya msingi kabisa: ni mabomu mangapi yaliyoipiga, lile la mwisho lilipitia wapi, na ni kitu gani hasa kilichogeuza tundu moja la sitahani kuwa maangamizi ya nusu nzima ya meli.

Wengi wanaosimulia habari za Pearl Harbor huyapita maswali haya mbio, wakidhani ni mambo ya mafundi wa vyuma. Mimi nayaona mazito zaidi ya hapo. Mojawapo ya majibu yaliyotolewa, tena lililodumu muda mrefu, linawatwisha mabaharia waliokufa kosa la uzembe. Jibu la aina hiyo linadai ushahidi ulio imara, na nia yangu ni kuupima ushahidi huo mpaka tuone kama unaweza kuubeba uzito wa tuhuma yenyewe.

Tuanze na meli. Arizona ilianza kazi mwaka 1916. Urefu wake ulikuwa mita 185, nayo ilibeba mizinga 12 ya inchi 14, mitatu mitatu katika minara minne ya chuma: miwili omo na miwili upande wa tezi. Chini ya ile miwili ya omo, ndani kabisa ya tumbo la meli, ndimo yalimokuwa maghala ya makombora na baruti. Kati ya mwaka 1929 na 1931 meli ilifanyiwa matengenezo makubwa huko Norfolk, Virginia, na sitaha yake ya kinga ikaongezewa bamba la chuma la unene wa milimita 44. Wakati huo wataalamu walikuwa wamekwisha kutambua kwamba hatari itashuka kutoka juu, iwe ni kombora lililofyatuliwa kutoka mbali au bomu la ndege. Kwa hiyo Arizona haikuwa kibanda cha mabati. Ilikuwa meli iliyojengwa kwa fikra ya kupigwa na kuendelea kupigana.

Asubuhi ile ilikuwa imefungwa kando ya kisiwa kidogo cha Ford, kilicho katikati ya bandari. Ubavu wake wa kulia ulielekea kisiwani. Upande wa kushoto, kuelekea maji ya wazi, ilikuwa imeshikamana na meli ya ufundi iitwayo Vestal. Jirani huyu atatufaa baadaye katika ushahidi.

Wajapani walioshambulia katika wimbi la kwanza, chini ya Mitsuo Fuchida, walikuja na aina mbili za silaha kwa ajili ya manowari. Ndege 40 zilibeba topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji. Nyingine 49 zilibeba kila moja bomu moja la kutoboa chuma, na ziliruka juu sana, kiasi cha mita 3,000. Bomu lile lilikuwa limezaliwa kombora. Mafundi wa Japani walichukua makombora ya mizinga mikubwa kabisa ya manowari zao, wakayachonga upya, wakayafunga mapezi ili yaangushwe kutoka angani. Uzito wake ulikaribia kilo 800, lakini ndani yake mlikuwa na kilo 23 tu hivi za baruti kali. Kilichobaki chote ni chuma kigumu. Lilikusudiwa kupenya sitaha ya kinga ya unene wa sentimita 15, halafu kulipuka ndani, na kiwashio chake kilicheleweshwa sehemu ndogo tu ya sekunde, mbili za kumi, ili lipate nafasi ya kuzama kwanza.

Takwimu hizi mbili, kilo 800 za uzito na kilo 23 za mlipuko, ndizo ufunguo wa habari nzima. Bomu lenye mlipuko mdogo kiasi hicho haliwezi kuiua manowari ya tani zaidi ya 30,000 kwa nguvu zake lenyewe. Linaweza kuua watu, kuwasha moto na kuharibu vyumba viwili vitatu. Ili omo yote ya meli ifumuke, lazima bomu lipate msaidizi ndani ya meli, na msaidizi huyo ni baruti ya meli yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza, mabomu mangapi, lina uzito mdogo kuliko swali la pili, nini kiliwaka. Hata hivyo la kwanza ndilo lililoanza kuwachanganya watu, na haliwezi kurukwa.

Taarifa za mwanzo zilizoandikwa baada ya shambulio zilitaja mabomu hadi manane, na topido juu yake. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtu aliyesimama kwenye sitaha inayotikisika, macho yamejaa moshi, masikio yamezibwa na mizinga, huhesabu kila kishindo kuwa bomu. Samuel Fuqua, ofisa aliyenusurika na kuongoza uokoaji kwa ushujaa uliompatia Nishani ya Heshima, alirushwa na nguvu ya bomu upande wa tezi mara alipotoka juu, akazimia. Alipozinduka vita ilikuwa inaendelea. Shahidi muhimu kuliko wote basi ana pengo katika kumbukumbu yake, na wala si kwa kosa lake.

Utafiti wa baadaye umelinganisha kumbukumbu za Kijapani na uharibifu ulioonekana, na umeishusha hesabu sana. Ndege kumi zinahesabiwa kuwa ziliilenga Arizona, tano kutoka meli ya kubeba ndege iitwayo Kaga na tano kutoka nyingine iitwayo Hiryū, na makadirio yanayokubalika zaidi ni mabomu manne yaliyopiga na matatu yaliyokosa kwa karibu. Ndege za Kaga ziliangusha yao kuanzia katikati ya meli kurudi tezi. Bomu moja liligonga uso wa mnara wa nne, likateleza, likapenya sitaha na kulipuka katika stoo ya vyakula ya nahodha, likawasha moto mdogo. Jingine lilipiga ukingo wa kushoto, sambamba na mlingoti wa nyuma. La tatu lilianguka karibu na mzinga mmoja wa kupiga ndege, upande huo huo wa kushoto. Kisha zikaja ndege za Hiryū, na bomu lao likapiga omo, karibu na mnara wa pili. Hilo ndilo lililoiua meli.

Hesabu ya manne inapendeza kwa kuwa inapatana na mambo mengine. Vestal, iliyokuwa imeshikamana na Arizona, ilipigwa na mabomu mawili, moja omo na moja tezi, na lile la tezi lilipita sitaha kadhaa likatoboa hata sakafu ya meli. Hayo yalikuwa mabomu yaliyokusudiwa kwa jirani yake. Lakini ndani ya hesabu hii kuna udhaifu ambao lazima usemwe. Mabomu ya katikati ya meli yanathibitishwa zaidi na maneno ya watu kuliko na chuma, kwa sababu moto uliowaka kwa zaidi ya siku mbili uliharibu alama zake, na miundo mingi ya juu ilikatwa na kuondolewa na mafundi wa jeshi la majini vita vikiwa bado vinaendelea. Walioondoa vyuma vile walikuwa wanatafuta mizinga na malighafi, hawakuwa wanachunguza kisa cha kifo. Siwalaumu, maana nchi ilikuwa vitani. Mizinga ya mnara wa pili ilichukuliwa, ikatengenezwa upya na kufungwa kwenye manowari Nevada, ambayo ilipiga nayo Iwo Jima na Okinawa mwaka 1945. Lakini kila kipande kilichoondoka kiliondoka na sehemu ya ushahidi.

Kuna kosa moja la zamani ambalo sasa linaweza kufungwa kabisa, nalo ni lile la dohani. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti yalisimulia kwamba bomu liliingia moja kwa moja ndani ya dohani ya Arizona, likashuka hadi kwenye matangi ya mvuke na kulipuka. Ni hadithi tamu kusimulia, kwa sababu inampa mrusha bomu shabaha ya ajabu na inaipa meli bahati mbaya isiyo na mfano. Dohani ilipochunguzwa baadaye, vyuma vya kinga vilivyomo ndani yake vilionekana vizima. Bomu la kilo 800 haliwezi kupita katikati ya vyuma hivyo na kuviacha salama. Tena, kilicholipuka kilikuwa mbele ya dohani, chini ya minara ya omo, wala si kwenye vyumba vya mashine.

Suala la topido ni gumu kidogo kuliko la dohani. Vestal ilikuwa na urefu wa mita 142, kwa hiyo haikuweza kumfunika jirani yake wa mita 185 kutoka ncha hadi ncha. Topido iliyotoka upande wa maji ya wazi ingeweza kuufikia ubavu wa Arizona palipobaki wazi, na taarifa kadhaa za siku zile zilisema hivyo hasa. Meli nyingine zilizofungwa kando ya kisiwa kile zilipigwa topido nyingi. Oklahoma ilipinduka kwa sababu hiyo na watu 429 wakafa. Ni jambo la akili basi kwamba mtu angetarajia Arizona nayo ipigwe. Lakini tundu la topido halijawahi kupatikana. Wazamiaji wa jeshi hawakuliona, na wazamiaji wa Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, walioanza kuipima meli mwaka 1983 chini ya Daniel Lenihan, hawakuliona pia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba bomu moja lililokosa lilianguka majini karibu na omo, upande wa kushoto, likainua mnara wa maji ambao mashahidi waliudhania ni topido. Mimi naukubali mwelekeo huo, kwa onyo moja: sehemu ya chini ya ubavu imezama kwenye matope, na palipofukiwa hapajachunguzwa kama palipo wazi. Kutokuonekana kwa tundu ni hoja nzito dhidi ya topido. Si sawa na kuuona ubavu wote ukiwa mzima.

Hata kama topido moja ingekuwepo, isingebadilisha hukumu. Omo ya Arizona ilifumuka kutoka ndani kwenda nje. Minara miwili ya omo pamoja na chumba cha chuma cha kuongozea meli vilishuka kiasi cha mita saba hadi tisa, kwa sababu kilichokuwa kinavibeba kilikuwa kimetoweka chini yake. Mlingoti wa mbele ukaanguka kwa mbele. Nguvu nyingi ya mlipuko ilitoka kwa ubavuni. Hiyo ni sura ya maghala ya baruti kulipuka, na hakuna mtaalamu anayebisha.

Tumefika sasa mahali pagumu. Moto ulifikaje kwenye maghala?

Kuna njia mbili zinazopendekezwa. Ya kwanza ni rahisi kueleza: bomu lilipenya sitaha zote za kinga, upande wa kulia karibu na mnara wa pili, likalipuka ndani ya ghala mojawapo la mizinga mikubwa. Ya pili inapitia chumba kidogo. Manowari za Marekani zilikuwa na baruti za aina mbili. Ile ya kurushia makombora ilikuwa baruti isiyo na moshi, ambayo si nyepesi kulipuka. Ikiwashwa huungua, na ili iwake upesi mifuko yake ilishonewa kitako cha baruti nyeusi. Baruti nyeusi ndiyo ile ya kale, inayoshika kwa cheche moja. Pamoja na vile vitako vya mifuko, meli ilikuwa na ghala dogo la baruti nyeusi tupu, iliyotumika kurushia ndege ndogo za upelelezi kutoka sitahani na kwa mizinga ya saluti. Ghala hilo lilikuwa jirani na yale makubwa. Kwa njia hii ya pili, bomu halikuhitaji kufika ndani ya ghala kubwa. Lilihitaji kuwasha lile dogo tu, na dogo likayawasha makubwa.

Ripoti ya jeshi la majini ya mwaka 1944 iliegemea njia ya pili, na hapo ndipo ilipozuka dhana ya mlango ulioachwa wazi. Ili moto wa bomu ulifikie ghala la baruti nyeusi, wahandisi walidokeza kwamba huenda falka ya kuingilia ghalani iliachwa wazi, na pengine vitu vya kuwaka vilikuwa vimewekwa karibu. Wengine walikwenda mbali zaidi baadaye, wakasema huenda baruti nyeusi ilirundikwa nje ya chumba chake chenye kinga. Tazama ngazi hizi zinavyopanda: huenda falka ilikuwa wazi, huenda kulikuwa na vitu vya kuwaka, huenda baruti ilikuwa nje. Ni "huenda" juu ya "huenda", na kila moja inawaelekea watu ambao hawawezi kujibu, kwa sababu waliokuwa karibu na maghala yale ya omo waliteketea nayo.

Lakini wahandisi wale hawakuwa wajinga, na hoja yao inastahili kuelezwa kwa haki. Ilisimama juu ya muda. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kati ya bomu kupiga na meli kulipuka zilipita sekunde saba hivi. Uzoefu wa ajali za baruti isiyo na moshi ulionyesha kwamba huchukua muda zaidi ya huo kuungua kabla shinikizo halijapasua chumba. Kwa hiyo, walisema, lazima palikuwa na kitu chenye haraka zaidi, na baruti nyeusi ndiyo yenye haraka. Ni hoja ya kitaalamu, imepangika vizuri, na kwa muda mrefu ilionekana kutosha.

Mimi naona nyufa tatu ndani yake.

Ufa wa kwanza uko katika zile sekunde zenyewe. Mlipuko ulinaswa katika filamu ya rangi na daktari Eric Haakenson, aliyekuwa kwenye meli ya hospitali Solace, si mbali na hapo. Filamu ile ni ushahidi wa thamani kubwa kuhusu umbo la mlipuko, mwelekeo wa moto na namna mlingoti ulivyokwenda. Kuhusu bomu lenyewe haiwezi kusema mengi. Kitu cha urefu wa mita mbili na kidogo, kinachoanguka kwa kasi inayozidi kilomita 700 kwa saa, hakionekani kwa kamera ndogo ya mkononi kutoka mbali. Na kamera za aina ile ziliendeshwa kwa springi, mwendo wake haukuwa wa kuaminika kama saa. Binadamu waliokuwa pale walikuwa na mambo mengine ya kufanya kuliko kuhesabu. Namba saba inaweza kuwa sahihi. Lakini kutofautisha kati ya aina mbili za baruti kwa kutegemea sekunde mbili tatu zaidi au pungufu ni kuibebesha namba hiyo zaidi ya inavyoweza.

Ufa wa pili ni kwamba baruti nyeusi haikuwa katika lile ghala dogo peke yake. Ilikuwa kwenye kila mfuko wa mizinga mikubwa. Uzoefu wa ajali ulihusu mara nyingi mifuko iliyoungua kwa moto wa kawaida, ikiwa mahali pake. Bomu la kutoboa chuma likilipuka katikati ya mifuko huirarua, huvitawanya vile vitako vyake vya baruti nyeusi, na huwasha mahali pengi kwa mara moja, ndani ya chumba ambacho gesi haina pa kutokea. Si haki kulitarajia tukio kama hilo liende kwa mwendo wa ajali za wakati wa amani. Haraka ambayo wahandisi waliitafutia mlango ulio wazi inaweza kuwa ilikuwemo mifukoni tangu mwanzo.

Ufa wa tatu unahusu uwezo wa bomu kufika. Piga hesabu: kitu kinachoangushwa kutoka mita 3,000 hufika chini baada ya sekunde 25 hivi, kikiwa na mwendo wa karibu mita 240 kwa sekunde, tukiuacha upinzani wa hewa. Hata kikipunguzwa nusu kwa kupenya chuma, katika zile sehemu mbili za kumi za sekunde kingesafiri zaidi ya mita 20, na kina cha meli kutoka sitaha ya juu hadi mkukuni ni kidogo kuliko hapo. Muda wa kufika ghalani ulikuwepo. Chuma cha sitaha kuu ya kinga ya Arizona, hata baada ya nyongeza ya Norfolk, kilikuwa chembamba kuliko zile sentimita 15 ambazo bomu lilikusudiwa kupenya. Hakuna kinacholazimisha bomu lisimame nje ya ghala na kutegemea falka.

Pingamizi moja la kweli lipo, nalo linatoka kwa majirani. Mabomu ya aina ile ile yaliyoipiga Tennessee, iliyokuwa mbele tu ya Arizona, yalifanya kazi vibaya. Mawili yalipiga minara yake ya mizinga, na moja kati yao liliupenya mnara wa tatu bila kulipuka sawasawa. West Virginia nayo ilipata bomu lililoingia bila kulipuka. Vipande vya bomu lililoipiga Tennessee ndivyo vilivyomuua nahodha wa West Virginia, Mervyn Bennion, aliyekuwa kwenye meli ya pembeni. Kwa hiyo silaha ile haikuwa ya kutegemewa, na mtu anaweza kuuliza kwa nini iaminiwe kwamba kwenye Arizona ilifanya kazi kikamilifu. Nakubali. Lakini pingamizi hili linaziumiza njia zote mbili sawa. Bomu lisilolipuka vizuri haliwashi ghala dogo kama ambavyo haliwashi kubwa. Nacho chuma kizito chenye joto la msuguano, kikipasuka nusu tu katikati ya mifuko ya baruti, bado ni cheche ya kutosha.

Juu ya nyufa hizo tatu kuna jambo la kibinadamu ambalo silioni likipewa nafasi yake. Shambulio lilianza saa 1 na dakika 55. Meli ililipuka yapata dakika kumi na moja baadaye. Katika dakika hizo kengele ya hatari iligongwa, watu walikimbilia vituo vyao, na mizinga ya kupiga ndege ya Arizona ilikuwa imeanza kufyatua. Mizinga haifyatui bila risasi, na risasi hupandishwa kutoka chini kupitia milango. Meli iliyoshtukizwa Jumapili asubuhi, ambayo inahama kutoka usingizini hadi vitani, lazima iwe na milango inayofunguliwa na inayofungwa kwa wakati mmoja. Hata kama siku moja ingethibitika kwamba falka fulani ya omo ilikuwa wazi saa 2 na dakika 6, bado isingejulikana kama iliachwa wazi na mzembe au ilifunguliwa na baharia aliyekuwa anatimiza wajibu wake. Ripoti ya 1944 iliandikwa na watu waliotafuta namna ya kuzilinda meli zilizobaki, na kwa lengo hilo ilikuwa sawa kuonya kuhusu falka. Kilichokosewa ni pale waliofuata walipoyageuza maonyo yale kuwa historia.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: njia ya kwanza, bomu kuingia ghalani moja kwa moja, ndiyo yenye mahitaji machache. Haihitaji mlango uliosahauliwa, wala baruti iliyorundikwa ovyo. Inahitaji bomu lifanye kile lilichotengenezwa kukifanya, mara moja, kati ya mabomu 49. Siwezi kusema imethibitishwa. Nasema mzigo wa uthibitisho uko juu ya wanaodai uzembe, na hawajaubeba.

Kwa nini basi meli isifunguliwe, ikachunguzwa, tukajua? Wapo wanaouliza hivyo. Jibu la kwanza ni kwamba miili ya watu zaidi ya 900 ingali humo. Ni kaburi, na manusura wenyewe walilichagua kuwa kaburi lao: zaidi ya 40 kati yao waliomba majivu yao yawekwe ndani ya meli baada ya kufa, karibu na wenzao. Wa mwisho, Lauren Bruner, aliwekwa humo Desemba 2019. Manusura wa mwisho kabisa, Lou Conter, alifariki Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Sioni swali la kihandisi linalompa mtu haki ya kwenda na misumeno mahali hapo.

Jibu la pili ni la kiutafiti, na historia ya Marekani yenyewe inalo. Manowari Maine ililipuka katika bandari ya Havana tarehe 15 Februari 1898, na mlipuko ule ulisaidia kuisukuma nchi vitani na Hispania. Tume ya mwaka huo ilisema ni bomu la kutegwa majini. Mwaka 1911 mabaki yalizungushiwa ukuta, maji yakavutwa, na meli ikachunguzwa bamba kwa bamba ikiwa kavu. Tume ya pili nayo ikasema bomu la majini, ijapokuwa mahali tofauti. Kisha mabaki yakavutwa bahari kuu na kuzamishwa. Mwaka 1976 Admeli Hyman Rickover, akitumia picha na michoro ile ile, alihitimisha kwamba chanzo kiliwezekana zaidi kuwa moto wa makaa ya mawe ndani ya meli yenyewe. Mabishano hayakwisha hata baada yake. Meli nzima ilikaushwa juani na bado haikutoa jibu moja, kwa sababu ghala la baruti likilipuka huharibu kwanza kile kile ambacho mchunguzi angekitaka. Chumba cha chanzo ndicho kinachosagika kuliko vyote. Kuichana Arizona kungevunja kaburi na kutuletea vyuma vilivyopinda ambavyo kila upande ungevisoma kwa faida yake.

Kazi inayofaa ni ile isiyokata kitu, na mfano wake upo. Vipimo vilivyoanza mwaka 1983 vilionyesha jambo ambalo watu hawakulitarajia: mnara wa kwanza ulikuwa bado mahali pake, na mizinga yake mitatu ingalimo, ilhali wengi walidhani umeondolewa vitani pamoja na mingine. Miaka arobaini watu walipita juu yake bila kujua. Baadaye roboti ndogo zimeingizwa ndani ya meli kupitia matundu yaliyokuwepo, na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani imesaidia kutengeneza kielelezo cha kompyuta cha kipande cha katikati ya meli, ili kujua chuma kitadumu muda gani kabla ya kuporomoka. Sababu ya kielelezo hicho ni mafuta: inakadiriwa kuwa galoni 500,000 hivi zimebaki ndani, na yanavuja kidogo kidogo kila siku.

Lengo hilo ni zuri, lakini limewafanya watafiti waelekeze macho katikati na tezi, kwenye mafuta, huku omo ikibaki nyuma. Maswali ya bomu yako omo. Namna mabamba ya ubavu wa kulia yalivyofunuka yakilinganishwa na ya kushoto, pembe ambayo minara miwili imelalia, mahali ambapo sitaha ya kinga imevunjika na mahali ilipokunjika tu: hayo yote yanaweza kupimwa kwa sauti na kwa picha bila kugusa, yakaingizwa katika kielelezo cha mlipuko, na kielelezo hicho kikajaribiwa mara mbili, mara moja kwa moto ulioanzia ghala kubwa la kulia, mara moja kwa moto ulioanzia ghala dogo la baruti nyeusi. Matokeo mawili hayo yatafanana na meli iliyopo kwa viwango tofauti, na picha za filamu ya Haakenson zinaweza kutumika kuyahakiki. Chuma cha omo, kilichokwisha kuraruliwa, kinaliwa na kutu kila mwaka, na vipimo hivyo vinapaswa kuchukuliwa kabla sitaha zilizobaki hazijaangukia juu ya zile za chini yake.